Maksi za Kubana

Kila mwaka muhula wa pili ukikaribia mwisho, mimi hugombana na wenzangu kazini. Mimi ni mwalimu wa kemia katika shule moja ya sekondari upande wa Migori, na ugomvi wenyewe ni wa mtihani wa mwigo, ule ambao watahiniwa wa kidato cha nne huufanya miezi michache kabla ya mtihani wa kitaifa. Walimu wa shule kadhaa hutunga mtihani mmoja, kisha tunabadilishana karatasi ili kila shule isahihishiwe na nyingine. Kabla hatujashika kalamu nyekundu, mkuu wa kusahihisha husimama na kutoa maagizo ambayo hayaandikwi popote: tubane. Kubana ni kumnyima mtoto maksi alizozipata. Jibu likiwa sahihi lakini mwandiko mbaya, bana. Akiruka hatua moja ya hesabu ingawa jawabu ni lenyewe, bana. Ukifika mwisho ukaona jumla imenona, rudi nyuma utafute pa kuipunguza. Eti mtoto akiogopa mwezi wa saba atasoma mwezi wa nane, na mwezi wa kumi na moja atatushukuru.

Mimi sibani. Nimeitwa mkaidi, nimeitwa mama huruma, na mwaka juzi mwenzangu mmoja alisema mbele ya watu kwamba ninagawa maksi kama sadaka. Nilimwambia kwamba sadaka mtu huitoa katika mali yake, na maksi hizi si mali yangu wala yake, ni za mtoto aliyezitolea jasho. Hakufurahi. Sikuwa nimeenda pale kumfurahisha.

Ukaidi huu nilianza nao nikiwa bado mwanafunzi, na ulianza kwa ajili ya msichana mmoja aliyekaa kando yangu kwa miaka minne. Tulisoma shule ya kutwa nje kidogo ya Ndhiwa, wavulana na wasichana pamoja, mahali ambapo miwa ilifika hadi kwenye ua wa shule na trekta zikipita mwalimu hunyamaza mpaka zimalize. Kwetu mwanafunzi alikuja kidato cha kwanza na loka yake na kiti chake. Loka ni meza ya mbao yenye kifuniko na mahali pa kutia kufuli, unachongewa na fundi wa sokoni, na vitabu vyako vyote vinakaa humo ndani. Inakuwa yako miaka minne. Ukimaliza unaibeba nyumbani, inageuka meza ya redio au pahali pa nyanya kuhifadhi njugu. Kabla ya hapo haitoki. Kwa hiyo ukimwona mwanafunzi anatoka langoni na loka katikati ya muhula, huna haja ya kumuuliza chochote, huyo ameacha shule.

Msichana huyo, mwenzangu wa kando, aliishi na nyanya yake, ambaye sote tulimwita dani kama ilivyo kwa Wajaluo. Alikuwa na mikono yenye akili. Redio ikizimika kijijini, ilipelekwa kwake na ikarudi inaongea. Taa ya maabara ilipokataa, mwalimu alitafuta fundi wiki nzima, naye akaitengeneza kwa kisu cha mezani wakati wa chakula cha mchana. Alitaka kusomea umeme, na hakuficha. Lakini kuandika kulimchelewesha. Aliandika kama mtu anayechora, kila herufi kwa taratibu, na karatasi zikikusanywa yeye bado alikuwa na swali moja au mawili hajayagusa. Alijua hivyo na alikuwa akijitahidi.

Mwaka wetu wa mwisho tukafanya mwigo, na matokeo yakarudi kutoka upande wa Uriri, ambako ndiko tulikosahihishiwa. Naibu wa mwalimu mkuu alikuwa na desturi yake ya kuyatangaza. Asubuhi hiyo sote tuliamriwa kutoa loka na viti nje uwanjani. Darasa likabaki tupu, sakafu imefagiliwa. Kisha akasimama mlangoni na orodha mkononi, akaanza kusoma kutoka wa kwanza. Ukisikia jina lako na gredi yako, unabeba loka unaingia darasani na kuketi, wa kwanza mbele kabisa karibu na ubao, wengine nyuma yao, mpaka mstari wa mwisho ulio kando ya mlango. Ndivyo tungekaa hadi mtihani wa kitaifa, ili kila mtu akiinua macho akumbuke nafasi yake.

Jina langu lilisomwa katikati. C-. Nilibeba loka yangu nisiamini nilichosikia, maana nilikuwa nimezoea B, na chini ya C+ chuo kikuu hakikuangalii. Nilipoketi nikageuka dirishani. Uwanja ulikuwa unapungua watu. Naibu alisoma polepole, akitulia kati ya jina na gredi. Wakabaki kumi, wakabaki watano, wakabaki wawili. Kisha akabaki mwenzangu peke yake kwenye nyasi, amesimama kando ya loka yake, mkono mmoja juu ya kifuniko.

Naibu hakumsoma mara moja. Alikunja ile orodha, akaikunjua, akasema jina lake, akasema D. Darasani mtu fulani alicheka. Ninamjua ni nani, na tukikutana hadi leo simsalimii.

Mwenzangu aliinama, akaweka kiti juu ya loka, akajitwika vyote kichwani. Tulidhani anakuja. Akageuka kuelekea langoni.

"Wee msichana," naibu akamwita, "darasa liko huku."

Alitembea wima kwa sababu ya mzigo, na mlinzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwazuia wanafunzi, alimfungulia. Naibu akafuta kitu kwenye orodha, akaingia, akatuambia tufungue vitabu.

Nilikuwa nimekasirika, lakini D ni D. Nami pia niliamini kwamba karatasi imesema ukweli, na kwamba C- yangu ilikuwa ndiyo mimi.

Juma lililofuata tulirudishiwa karatasi za kemia. Nilimchukulia yake niiweke. Nilipokuwa nikizipanga niliona jambo. Kwenye jalada la karatasi yangu jumla ilikuwa imekatwa, na ndogo zaidi imeandikwa kando. Nikaangalia yake, vivyo hivyo, imekatwa mara mbili. Nikafungua ndani. Kulikuwa na majibu yaliyotiwa alama ya kupata, kisha alama hiyo imepigwa mstari. Swali la saba, la kupima kiasi cha asidi, alikuwa amelifanya lote kwa mwandiko wake wa kuchora, jawabu likiwa lile lile la mwongozo wa mwalimu. Alikuwa amepewa maksi zote, halafu zikanyang'anywa, ikabaki moja.

Nilizipeleka zote mbili kwa mwalimu wetu wa kemia. Alikuwa kijana, mpole, asiyejua kusema uongo vizuri. Alizitazama kidogo akanirudishia.

"Walibana," akasema.

"Kubana ni nini, Mwalimu?"

Akaniambia. Alisema ni kawaida, ni dawa chungu, inasaidia. Nikamuuliza kwa nini wa Uriri watubane sisi ambao hatukuwakosea kitu. Hapo akacheka kwa aibu. Alisema mwaka uliotangulia wao walitubana sana, kwa hiyo mwaka huu sisi nasi tuliwabana wao sawasawa, na inaonekana nao walijua tutawabana, wakatuwahi. Nilikuwa na miaka kumi na minane, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba watu wazima waliosoma vyuoni wanaweza kuketi katika kumbi mbili, huku na kule, wakilipizana kisasi kwa karatasi za watoto wa wengine.

"Bila kubanwa, mwenzangu angepata ngapi?"

"Sijui," akasema. "Hakuna mtu anajua. Ile ya kitaifa ndio itasema."

"Na asipoifanya?"

Akaangalia saa yake. Alikuwa na somo.

Hilo ndilo lililonichoma. Jina la mwenzangu lilikuwa limeshasajiliwa tangu mwanzoni mwa mwaka. Karatasi yake ingekuja mwezi wa kumi na moja, na kama hangekuwepo, msimamizi angeandika hayupo, na hangekuwa na cheti cha sekondari cha aina yoyote maisha yake yote. Si cha D wala cha E. Na wala hakuna aliyekuwa akimfuata. Nilimsikia naibu mwenyewe akimwambia mwalimu wa darasa kwamba wastani wa shule utapumua.

Nikaamua kwamba nitamrudisha. Sikujua nitamwambia nini, maana kumwambia tu kwamba alibanwa kungekuwa kama kumpaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Nilitaka kitu cha kumwonyesha. Nikachukua daftari jipya, nikalichora mistari, upande mmoja nikaandika mwigo na upande wa pili kitaifa, nikaanza kuzunguka Ndhiwa nikiwauliza waliotutangulia.

Watu husahau mambo mengi lakini gredi zao hawasahau. Mwanamume wa bodaboda aliyekuwa akipaki mbele ya duka la mbolea alinitajia zake kabla sijamaliza swali: mwigo D+, kitaifa C. Dada aliyeuza katika duka la dawa alipata C+ kwenye mwigo na B kwenye wa kweli, na bado alikuwa na hasira, kwa sababu baada ya mwigo mamake alimwambia asijisumbue kuchagua chuo. Msusi mmoja alipata C pande zote mbili na akasema haoni jambo la kuzungumza hapo. Kinyozi alitoka D akapanda hadi C-. Nilikuwa naandika kwa furaha.

Kisha nikaanza kukutana na walioshuka. Mmoja alipata B+ kwenye mwigo, na kitaifa D+. Alinieleza bila haya kwamba kulikuwa na shule iliyofanya mwigo siku tatu kabla yao, na karatasi zikavushwa hadi kwao zikiwa zimekunjwa ndani ya soksi. Huyo nilimwelewa. Lakini kulikuwa na mama mmoja muuza mboga, mtulivu, aliyesema alipata C+ ya haki kwenye mwigo, akasoma hadi siku ya mwisho, na kitaifa akapata D+. "Sijui nini ilitokea," akasema. "Nilishuka tu." Akanifungia sukuma wiki bila kuniangalia.

Usiku huo nilikosa raha, na asubuhi nikafanya jambo ambalo silisemi kwa kujisifu. Nilifuta majina yote ya walioshuka, nikayaandika kwenye ukurasa mmoja, kisha nikauchana. Daftari likabaki na waliopanda na yule msusi.

Jumamosi nilivuka kwenda Uriri. Mwenzangu alikuwa amehamia kwa shangazi yake, dada ya babake, anayeuza nguo za mitumba za watoto sokoni. Niliikuta loka kabla sijamwona yeye. Ilikuwa mbele ya kibanda, imejaa soksi juu ya kifuniko, zimepangwa kwa rangi. Yeye alikuwa nyuma akikunja sweta.

"Umekuja kununua ama kuangalia?" akaniuliza.

"Nimekuja kukuchukua."

"Mimi si mzigo."

Shangazi yake alikuwa mwanamke mkubwa, mwenye sauti ya kuita wateja. Nilimsalimu, nikamwita waya, yaani shangazi kwa Kijaluo, kama mwenzangu anavyomwita, akanionyesha pa kukaa juu ya furushi. "Nyathina, mtoto wangu," akaniambia, "huyu amesema amechoka na shule. Mimi sikumtoa. Alikuja na meza kwa kichwa, nikamwambia weka chini. Sasa wewe unamletea maneno gani?"

Nikatoa daftari. Mwenzangu alilisoma taratibu, kama anavyofanya kila kitu, kidole kikishuka mstari kwa mstari. Nilikuwa nimejiandaa kwa machozi au kwa shukrani. Alifika mwisho akalifunga.

"Na wenye walishuka?"

"Hawa ndio niliowapata."

"Ndhiwa mzima hakuna mtu alishuka hata mmoja?"

Uso ulikuwa unaniwaka. Waya aliacha kukunja nguo.

"Ulichana ukurasa," mwenzangu akasema. "Ninaona mahali imetoka. Iko wapi?"

Ulikuwa mfukoni mwa sketi yangu, sijui kwa nini sikuutupa. Nikampa. Akausoma nao, kidole chini ya kila mstari. Akauliza kuhusu yule wa B+, nikamweleza habari za soksi, na waya akacheka hadi akashika kiuno, akisema hizo za kwake hazijabeba karatasi. Kisha akauliza kuhusu muuza mboga.

"Huyu alishuka tu," nikasema. "Hajui kwa nini, na mimi sijui."

"Kwa hivyo naweza shuka."

"Unaweza."

Nilidhani nimeliharibu. Sikuwa na kitu kingine ila karatasi yake ya kemia, nikaitoa kwa sababu ilikuwa yake, si kwa ujanja wowote. Aliishika, akaona jumla zilizokatwa. Nikamweleza kubana kama nilivyoelezwa, na jinsi shule zetu zilivyokuwa zikilipizana. Alifungua ukurasa hadi ukurasa. Alipofika swali la saba kidole chake kikakoma.

"Hii si nilipata?"

"Ulipata."

"Yote?"

"Yote. Angalia, walikutilia, halafu wakatoa."

Mteja alikuja akashikashika soksi, akaondoka. Nilikuwa nimemjua mwenzangu miaka minne na sikuwahi kumwona amekasirika. Alikuwa mtu wa kuumia ndani. Sasa shingo yake ilikuwa imesimama.

"Mimi nilikuwa naamini ni kichwa yangu," akasema.

Waya alikuwa ananiangalia mimi, si yeye. "Akirudi," akaniuliza, "atapata nini? Usinidanganye kama vile ulitaka kumdanganya."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema sijui. Mwalimu wetu alikuwa amesema hajui, na alikuwa mkweli kuliko mimi. Lakini nilikuwa nimevimba kwa hasira na kwa mapenzi, nikasema, "C+, waya. Ninaahidi." Mwenzangu alinitupia jicho, hakunikanusha. Akaanza kuondoa soksi juu ya loka, rangi kwa rangi, akiziweka kwenye gunia.

Jumatatu aliingia langoni na loka kichwani. Alienda moja kwa moja hadi nilipokuwa katikati ya darasa na kuiweka kando ya yangu, kama zamani, akimsogeza mvulana mmoja ambaye hakubisha. Naibu akaja kabla ya kengele ya kwanza. Sijui nani alimwambia.

"Hapo si mahali pako," akasema. "Pako ni mwisho, kando ya mlango."

"Mwalimu, nimerudi kusoma," mwenzangu akasema. "Ninaweza soma hapa."

"Utasoma pale ulipopata."

Mwenzangu alikuwa anaanza kuinama kuibeba. Nikasimama. Sikuwa nimepanga chochote. Nilisema, "Basi na mimi nahama," nikaanza kuburuta loka yangu kurudi nyuma. Miguu ya loka kwenye sakafu ya saruji hutoa sauti mbaya, na sikuinyanyua makusudi. Nilipita mistari yote hadi kando ya mlango, nikaiweka, nikaketi. Mwenzangu akaja akaweka yake kando.

Naibu aliniamuru nirudi mbele. Nikamwambia ubao ninauona vizuri kutoka hapo. Akaniuliza kama nimekuwa mwalimu mkuu. Nikamwambia hapana, lakini kwamba mstari huo ulipangwa kwa maksi za kubana, na yeye anajua, na wa Uriri wanajua, na sisi nasi sasa tunajua. Niliadhibiwa kufyeka nyasi za uwanja wiki mbili. Nilizifyeka. Kila asubuhi nikimaliza niliingia nikaketi kando ya mlango, na hakuna aliyenihamisha tena.

Miezi iliyobaki tulisoma pale nyuma. Kulikuwa na upepo na vumbi, na kila aliyeingia alitukanyagia mabegi. Mimi nilimfundisha kuandika kwa haraka: nilishika saa, yeye akaandika, na nikasema basi hata kama hajamaliza neno. Alichukia zoezi hilo. Yeye alinifundisha kemia ya mikono, ile ambayo vitabuni sikuielewa, jinsi ya kusikiliza koki ya bureti, ule mrija wa kioo wa kupimia asidi, kwa vidole na kuifunga tone moja kabla ya rangi kugeuka. Kama leo ninafundisha somo hilo, ni kwa sababu yake, na wanafunzi wangu wakinisifu huwa ninakubali sifa zisizo zangu.

Mtihani wa kitaifa ukaja. Loka ziligeuzwa mbele nyuma ili mtu asitie mkono ndani, kila moja ikabandikwa nambari, zikapangwa kwa nambari hizo na si kwa nafasi ya mtu yeyote. Mwenzangu akaangukia mstari wa mbele. Siku ya kemia ya maabara nilimwona amemaliza kupima, amekunja mikono, wengine wote bado tumeinamia chupa. Nilijisemea kwamba C+ imeiva.

Matokeo yalipotoka niliyasoma kwa simu ya babangu. Nilikuwa na B-. Mwigo ulikuwa umenipa C-, na kama ningeuamini hata kozi singechagua. Nilipiga kelele, nikamkumbatia babangu, kisha nikakumbuka na nikaanza kukimbia.

Nilimkuta nje ya nyumba ya dani, ameketi chini, redio ya mtu imefunguliwa mapajani mwake. Dani alikuwa kando akichambua omena, dagaa wa ziwani. Mwenzangu alinyoosha mkono bila kuinuka, akanipa simu nijisomee.

D+.

Nilisoma tena kutoka juu, somo kwa somo. Kemia ilikuwa C+. Kiingereza na yale masomo mengine ya kuandika kurasa kwa kurasa yalikuwa yamemvuta chini. Nilikaa kwenye mchanga. Nilihisi aibu mpaka kwenye meno. Nilikuwa nimemwahidi mbele ya shangazi yake, nimemtoa sokoni, nimemfanya akae kwenye upepo miezi mitatu, na mimi nimekuja mbio na B- yangu ikiwa bado inanukia upya.

"Nisamehe," nikasema. "Nilikuahidi C plus."

"Wewe ni nani wa kuniahidi?" akasema. "Wewe ni serikali?" Alikuwa anachunguza waya mwekundu ndani ya redio, akauvuta kidogo kuona kama umeshika. "Ile D walinipea nikiwa nimesimama nje, watu wote wananiangalia. Hii hakuna mtu alinipea. Nimeikalia mimi mwenyewe."

Dani aliinua kichwa, akauliza kwa Kijaluo kama amepita. Nilifungua mdomo nianze kueleza: kwamba si mbaya, kwamba inategemea, kwamba ni hatua moja tu. Mwenzangu aliniwahi.

"Nimepita, dani."

Dani akarudi kwa omena zake. Mwenzangu akafunika redio, akaifunga skrubu mbili, akaiwasha, ikaongea. Kisha akatoa chini ya goti lake fomu ya chuo cha ufundi, kozi ya cheti ya umeme, ambayo kumbe alikuwa ameichukua kabla hata matokeo hayajatoka. Nilinyoosha mkono nimsaidie kuijaza, nikijua jinsi anavyochelewa kuandika. Akaisogeza mbali nami.

"Niachie," akasema. "Leo hakuna mtu anashika saa."